Walioishi Ndani ya Kosa

Bi Mwanamkuu Singano alianguka jikoni kwake, nyumba namba 614, saa sita na dakika ishirini na nane mchana, mwiko ukiwa bado mkononi. Kwa mujibu wa karatasi za jengo, hakukuwa na sababu yoyote ya yeye kuanguka.

Tunu Shemdoe alizisoma karatasi hizo mara tatu, maana ni yeye aliyezitoa. Jiko la 614, kuanzia saa sita hadi saa saba: digrii thelathini na moja. Hilo si joto la kumwangusha mtu, hata mtu wa miaka sabini na mbili. Lakini daktari wa zahanati ya ghorofa ya chini alisema hakuna ugonjwa mwingine, ni joto tu, na akamtazama Tunu kwa jicho ambalo Tunu hakulipenda hata kidogo.

Nje ya Jumba la Mkonge, Korogwe ilikuwa na digrii arobaini na tisa. Miaka hiyo hakuna aliyetoka kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni ila kwa lazima. Watu mia tisa walikaa ndani na kuishi kwa barafu. Barafu yenyewe iligandishwa usiku katika tangi kubwa chini ya jengo, na kukipambazuka ilikuwa imeshapimwa, haiongezeki. Kazi ya Tunu ilikuwa kuigawa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alimwamsha Mtabiri, mashine iliyolijua jengo zima, ukuta kwa ukuta na sufuria kwa sufuria. Mtabiri aliiishi siku nzima kabla wenyewe hawajaiishi, kisha akasema ubaridi uende wapi, kiasi gani. Wakazi walimsema Mtabiri kama wanavyomsema mkwe: hayupo, lakini kila kitu kosa lake.

Safari hii hawakukosea. Tunu alichukua kipimajoto cha mkononi akapanda ghorofa ya sita.

Ilimchukua siku mbili kuelewa, na alielewa kwa sababu Mama Hizza wa 611 alimhurumia. Ghorofa ile wanawake hawakupika kila mtu kwake. Walipika kwa zamu za jiko, siku moja kwa fulani, kesho kwa fulani. Familia sita zilibeba majiko yao ya umeme na sufuria zao hadi jikoni kwa mwenye zamu, wakawasha yote kwa mkupuo, na baada ya dakika ishirini kila mmoja akaondoka na chakula chake. Chumba cha jiko cha nyumba moja kikawaka joto, vya nyumba tano vikabaki baridi.

"Sasa wewe na mashine yako mnagawa barafu," Mama Hizza alimwambia, "na sisi tunagawa moto. Kwani vibaya?"

Tunu alisimama pembeni jikoni kwa mwenye zamu, majiko sita yakiwaka, akatazama kipimajoto kikipanda. Thelathini na tano. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Jasho lilimwingia machoni. Wanawake wale walikoroga na kucheka na kusutana kuhusu chumvi, na baada ya dakika ishirini wakatawanyika. Jiko likapoa hadi ishirini na sita likatulia hapo.

Alipiga hesabu hapohapo, kwa kidole juu ya ukuta. Dakika ishirini za arobaini na moja, dakika arobaini za ishirini na sita. Ukichanganya, unapata thelathini na moja. Mtabiri hakusema uongo. Aliambiwa, tangu kabla Tunu hajaajiriwa, alitazame jengo mara moja kwa kila saa, na katika saa nzima moto wa dakika ishirini ulikuwa umeyeyuka kama sukari kwenye chai. Bi Mwanamkuu hakuanguka katika wastani. Alianguka katika dakika ya ishirini na nane.

*

Bwana Kijazi, meneja wa jengo, hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mhandisi kabla ya kuwa meneja, na mama yake mzazi alikufa kwa joto mwaka ule wa ukame mkubwa, akiwa amekaa kitini na redio imewashwa. Tunu alipomweleza, aliuliza tiba.

Tiba ilikuwa rahisi. Katika mipangilio ya Mtabiri palikuwa na mstari mmoja ulioitwa hatua ya muda, nao ulisema: dakika sitini. Ukiandika moja, Mtabiri angelitazama jengo kila dakika. Angeuona moto unawashwa, angepeleka ubaridi dakika hiyohiyo na kuuondoa moto ukizimwa, bila kupoteza barafu. Zamani mashine zilishindwa kazi hiyo. Hesabu za kesho zilikwisha keshokutwa. Hii ya sasa ingemaliza kwa robo saa.

"Basi andika moja," alisema Bwana Kijazi. "Jumatatu ianze. Sitaki mtu mwingine aanguke kwenye nyumba yangu, Bi Tunu."

Tunu alirudi ofisini na furaha yake. Kabla ya kubadili lolote alimpa Mtabiri wiki iliyopita aihesabu upya kwa dakika, ajilinganishe na vipimo halisi vya kila nyumba. Jiko la 614 likatoka arobaini na moja kamili. Tunu alipiga kofi mezani peke yake kama mtu aliyefunga goli.

Kisha akaona mabaki, yaani joto lililopimwa ambalo hesabu haikuweza kulieleza.

Hesabu yoyote ya jengo ina kosa lake. Kwa hatua ya saa nzima, kosa la Mtabiri katika kila nyumba lilikuwa kubwa, joto la balbu mbili za zamani za wati mia mia, na hakuna aliyelijali. Kwa hatua ya dakika, kosa lilisinyaa likawa si chochote. Nyumba baada ya nyumba, hesabu na vipimo vililala sambamba. Isipokuwa chache. Katika 614, wanawake walipokwisha kuondoka na Bi Mwanamkuu kubaki peke yake, vipimo vilionyesha joto lililozidi, la balbu moja hivi. Halikuwa jikoni. Lilikuwa chumba cha ndani, na lilipungua kidogo saa nane, saa ya watu wazima kulala usingizi wa mchana, likapanda tena saa tisa na nusu.

Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la balbu moja.

Tunu aliisogeza kibodi karibu. Aliipitisha hesabu kwenye jengo zima, akahesabu nyumba zenye mabaki ya namna ile. Zilikuwa ishirini na tatu. Watu ishirini na watatu ambao hawamo kwenye daftari la wakazi walikuwa wakiishi Jumba la Mkonge, na walikuwa wameishi salama kwa sababu moja tu: walikaa ndani ya kosa.

Sheria aliijua kama anavyolijua jina lake. Mgao wa barafu ulihesabiwa kwa vichwa, mia tisa, wala si mia tisa na moja. Majibu ya Mtabiri yalikwenda kila asubuhi Mamlaka ya Ubaridi yenyewe, bila mtu kuyatuma, na mashine ya Mamlaka ilikagua mabaki. Yakizidi kosa linaloruhusiwa kwa hatua iliyotumika, wanakuja wakaguzi na daftari. Asiye kwenye daftari anapelekwa kwenye mabanda ya stesheni ya zamani. Mabanda hayo yalikuwa na paa la bati, na hayakuwa na barafu.

*

Siku ya Ijumaa, Bi Mwanamkuu akiwa bado zahanati, Tunu alipanda tena. Nyumba 614 ilipaswa kuwa tupu. Alisimama mlangoni, akajisikia mjinga kubisha nyumba isiyo na mtu, lakini mkono ulishazoea.

"Hodi," akasema.

"Karibu!" ikajibu sauti ya ndani, upesi na kwa uchangamfu, kisha kikafuata kimya kizito cha mtu aliyeziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Tunu alisukuma mlango. Ajuza mwembamba, mweusi wa kung'aa, alisimama katikati ya sebule na ungo wa mchele mikononi. Alikuwa akiuchagua. Macho yalimtoka, lakini ungo hakuutupa.

Alikuwa Bi Semeni, mke wa pili wa marehemu Mzee Singano. Mke mwenza. Tunu alimwamkia, akaketi kwenye mkeka, na taratibu habari zikatoka. Miaka thelathini wake wale wawili waligombana kwa kila kitu alichokiumba Mungu, kuanzia kamba ya kuanikia nguo hadi nani atamkatia mzee kucha. Mzee alipofariki, daftari liliandika mjane mmoja kwa nyumba moja, wa kwanza kwa ndoa. Bi Semeni alifungasha kanga zake. Alikuwa ameshafika kwenye lifti Bi Mwanamkuu alipotoka na kumfokea kwamba, kama anadhani atamwachia vyombo vyote vya matanga aoshe peke yake, amepotea. Vyombo viliisha. Hakuna aliyezungumza tena habari za kuondoka. Ilikuwa mwaka wa nne sasa.

"Ameniambia mara mia nisiitikie hodi," alisema Bi Semeni. "Nakaa kimya siku nzima, mwanangu. Nakohoa ndani ya mto. Lakini mtu akipiga hodi, mdomo unatangulia. Nimelelewa hivyo."

Alimuuliza Tunu kama amekuja kumchukua. Tunu akasema hapana, na akaona aibu, kwa sababu hakuwa na uhakika.

Alimweleza kwa lugha nyepesi. Mashine inalitazama jengo mara moja kwa saa. Ikitazama hivyo, haimwoni Bi Semeni, lakini haiuoni moto pia. Ikitazama kila dakika, itauona moto na itamwona yeye.

Bi Semeni aliendelea kuchagua mchele. Alitoa kijiwe, akakiweka kando ya mkeka.

"Aliyeanguka ni mwenzangu," akasema mwishowe. "Kesho ni Mama Hizza, ana presha. Kama ni kunitazama mimi ndipo muwaone wao, basi nitazameni. Nitakwenda hukohuko kwenye mabati. Nimekwisha kula chumvi ya kutosha."

Ilikuwa kauli ya kishujaa, na Tunu angeweza kuikubali akashuka ngazi amepewa ruhusa. Badala yake akaanza kulia, pale pale mkekani, mtu mzima mwenye kitambulisho cha jengo shingoni. Bi Semeni akamfuta kwa pindo la kanga na kumuuliza kama amekula.

*

Jumamosi nzima Tunu alitafuta hatua ya katikati. Mtu akiambiwa achague kati ya sitini na moja, kwanza hujaribu thelathini.

Kwa nusu saa, jiko lilionekana lina digrii thelathini na sita, na watu wanne walitoka nje ya kosa. Kwa robo saa ikawa digrii thelathini na tisa, watu tisa. Kwa dakika kumi, digrii arobaini, na watu kumi na wanne. Alijikuta anawatazama hao wanne wa kwanza ni wa nyumba zipi, kama mtu anayepima hasara anayoweza kuivumilia. Mmoja alionekana kuwa mtoto mchanga, kwa jinsi joto lake lilivyokuwa dogo na lilivyohama kutoka kitanda hadi jikoni, bila shaka mgongoni mwa mtu. Tunu aliondoa mikono kwenye kibodi. Alikuwa amedhani anachagua namba, kumbe anachagua nani aende kwenye mabati, na namba ilikuwa njia ya kutowatazama usoni.

Alifikiria pia kusema uongo, kwamba mashine ni ndogo haiwezi dakika. Bwana Kijazi angeamini, na wiki ijayo mama mwingine angeanguka na mwiko wake.

Njia aliyoiona jioni ile haikuwa nzuri. Ilikuwa mbaya kwa namna tofauti. Hatua ibaki saa nzima, lakini Mtabiri aambiwe kwamba jiko lenye zamu linawaka majiko sita saa yote, dakika zote sitini. Haikuwa kweli. Ila kwa kuamini hivyo, Mtabiri angepeleka kwenye jiko lile ubaridi wa kutosha moto mkali kwa saa nzima, na ndani ya saa hiyo zile dakika ishirini zingekuwa salama. Kosa lingebaki kubwa kama zamani, na ndani yake watu ishirini na watatu na mchele wao.

Barafu ya kuzipoza dakika arobaini ambazo hakuna moto ingetoka kwa wengine. Alihesabu mara mbili. Kila nyumba ya jengo, kila siku, nusu digrii zaidi.

Nusu digrii haiui mtu. Lakini haikuwa yake kuitoa. Ilikuwa ya watu mia tisa ambao hakuwauliza, na hangeweza kuwauliza bila kuwaambia inakwenda kwa ajili ya nani. Jambo hilo halikumtoka hata alipoanza kazi. Alizunguka ghorofa zote kukusanya ratiba za zamu, maana kumbe kila ghorofa ilikuwa na zamu zake. Akajaza fomu: Hatua ya muda, dakika sitini. Majiko ya zamu, saa kamili. Nyumba zote, nusu digrii zaidi. Chini akaandika jina lake lote, na kwamba mtu akianguka, mwenye kujibu ni yeye.

*

Jumatatu saa sita mchana, mgao mpya ukiwa umeanza tangu alfajiri, Bwana Kijazi alikuja na fomu mkononi. Hakuketi.

Alisema ameajiriwa muda mrefu na hajawahi kuona mwanamke anayepika saa nzima kwa majiko sita. Alisema alitaka dakika moja, akaletewa sitini. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Tunu. Kisha akasema leo zamu ni ya 614, kwa hiyo atapanda akaone mwenyewe chakula hicho kinachopikwa saa nzima.

Tunu alimfuata kwenye lifti. Bi Mwanamkuu alikuwa ameruhusiwa jana, lakini daktari alimkataza kabisa kusimama karibu na moto. Nani basi angekuwa anakoroga? Tunu hakuwa na namna ya kumtangulia meneja.

Kelele za sufuria zilisikika tangu kwenye korido. Bwana Kijazi akasimama mlangoni.

"Hodi," akasema.

Ndani kukawa kimya. Wote waliijua sauti ya meneja. Mwiko mmoja tu uliendelea kukwaruza, kisha nao ukaacha.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Tunu alisikia kunong'ona na mlango wa chumba cha ndani ukifunguliwa. Aliomba moyoni wasiitikie. Hodi ya tatu isiyoitikiwa, mtu mwenye adabu zake huondoka, na Bwana Kijazi alikuwa na adabu zake.

"Hodi, wenyewe," akasema Bwana Kijazi mara ya tatu. Akangoja. Akageuza mwili kidogo kuelekea lifti.

"Karibu, baba," ikasema sauti ya Bi Semeni, kwa huzuni, kama mtu aliyejitahidi ikashindikana.

Akaingia. Majiko sita yaliwaka, na katikati yao, mwiko mkononi na kanga kichwani, alisimama bibi ambaye hayumo kwenye daftari lolote. Bi Mwanamkuu aliketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba, mkono umeshika pindo la kanga ya mwenzake, ama kumvuta ndani, ama kumzuia asiondoke. Wanawake wengine walitazama sakafu. Hewa ya mfereji wa baridi ilivuma kwa nguvu juu yao. Kipimajoto cha ukutani kilisoma thelathini.

Bwana Kijazi alikitazama kipimajoto. Akaitazama fomu, pale palipoandikwa dakika sitini. Kisha akamtazama Bi Semeni kwa muda mrefu, mabega yake, mikono yake, jinsi alivyosimama wima asiombe kitu, na Tunu akaona uso wa meneja ukibadilika. Nyumba nzima ilimngoja. Kama angenyamaza akatoka, basi hakumwona mtu. Kama angeuliza jina, basi ni wakaguzi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bi Mwanamkuu aliachia kanga.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Semeni. "Hujambo? Kazi zinakwendaje?"

Alisema hajambo, kazi zinakwenda. Aliuliza hali ya mgonjwa, akaambiwa anapata nafuu ila mdomo haujapumzika. Akaangalia sufuria iliyokuwa karibu.

"Chakula hiki kinaiva kwa muda gani?"

Wanawake wote wakamgeukia Bi Semeni. Bi Semeni alimtazama Tunu, akaona jibu pale usoni.

"Saa nzima, baba," akasema. "Sisi watu wazima tunapika polepole."

Bwana Kijazi alitoa kalamu. Aliiegemeza fomu kwenye ukuta, juu ya jiko, akasaini chini ya jina la Tunu, na hapo hapo sufuria ya Mama Hizza ikaiva na kuzimwa. Haikuwa imemaliza dakika kumi na tano. Hakuna aliyeitazama saa.

Alasiri ile tangazo lilibandikwa kwenye lifti zote. Lilisema kwamba kuanzia leo nyumba zote zitaongezeka nusu digrii, kwa sababu ya mapishi, na kwamba mwenye malalamiko amwone meneja. Tunu alilisoma, akarudi kuketi mezani kwake. Saa tisa aliihisi ile nusu digrii shingoni, chini ya kilemba, palipoanza kulowa. Alijua kila mtu ndani ya jengo anaihisi wakati huohuo, na kwamba watu ishirini na watatu, huko waliko, wanaihisi pia, maana sasa na wao walikuwa wamechangia. Alivuta feni ndogo ya mezani aiwashe, halafu akaisogeza kando, akaendelea na ratiba za kesho.